Utelezi wa Mawe ya Bwawani

Mtu akishuka katika bwawa la kumwagilia kahawa huku Thika au Ruiru, akakanyaga jiwe lililo majini, huteleza. Wengi hudhani utelezi ule ni uchafu tu. Kumbe ni viumbe hai. Ukiuparua na kuutazama kwa hadubini, utaona bakteria na mimea midogo mno, mingine yenye gamba mfano wa kioo. Hustawi penye kina kifupi, kwa kuwa mwanga wa jua hufika chini. Na mvua ikishusha mbolea kutoka shambani, huzidi kuwa mzito.

Utelezi huo si adui: huwalisha samaki. Lakini huwalisha konokono pia, na wako konokono walezi wa kichocho. Mayai ya ugonjwa huingia majini kwa haja ya mgonjwa. Vijidudu hukua ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mwogaji.

Basi, ndugu msomaji, acha ukanda wa majani kati ya shamba na bwawa, chimba choo, na uwakataze watoto kuoga humo. Aliyekwisha kuoga na apimwe; dawa ipo.