Kufundisha Mpangilio wa Kuchora na Kina cha Picha katika Kompyuta

Mwanafunzi anayeanza kutunga programu za kuchora aghalabu hukumbwa na mkasa huu: huandika amri za kuchora nyumba, kisha mti, kisha mbingu, programu inapoendeshwa, haonekani mti wala nyumba, ila mbingu tupu. Mtoto hudhani kompyuta imeipoteza nyumba yake. Mwalimu asiyeielewa sababu atamwamuru aandike upya, na kosa litarudi lile lile. Makala haya yanaonyesha jinsi ya kulieleza jambo hili kwa karatasi tu, kabla ya kugusa kompyuta.

Hatua ya kwanza: Mpangilio

Mwalimu akate karatasi tatu: kubwa ya buluu iwe mbingu, nyingine mti, nyingine nyumba. Mwanafunzi mmoja asome amri, mwingine aweke karatasi mezani kwa kufuata amri hizo. Kabla mbingu haijawekwa mwisho, darasa liulizwe: "Tutaona nini?" Wakiisha kujibu, ndipo iwekwe.

Hapo watatambua kwamba kompyuta, kwa desturi, haijui mbali wala karibu. Hutia rangi katika nukta, na rangi mpya huifuta ya zamani. Basi hatuna budi kuanza na vilivyo mbali na kumalizia na vilivyo karibu. Hii huitwa njia ya mchoraji, kwani mchoraji wa rangi naye huanza na milima ya mbali.

Hatua ya pili: Nambari ya kina

Itakuwaje ng'ombe akipita mbele ya mti, kisha akarudi kwa nyuma yake? Mpangilio uliokwisha kuandikwa hautafaa tena. Kila karatasi iandikwe mgongoni nambari ya umbali wake kutoka kwa mtazamaji. Kila mara kabla ya kuchora, wanafunzi wazipange upya, wakianza na nambari kubwa. Katika programu ya Scratch, iliyotolewa Marekani mwaka 2007, kila mhusika ana tabaka lake, na zipo amri za kumleta mbele au kumrudisha nyuma.

Hatua ya tatu: Fumbo la ukili

Wape wanafunzi vipande vitatu virefu vya karatasi. Cha kwanza kilale juu ya cha pili, cha pili juu ya cha tatu, na cha tatu juu ya cha kwanza, kama miyaa inavyopishana katika ukili. Waviweke kimoja kimoja, bila kuinua kilichokwisha kuwekwa. Hawataweza, kwa kuwa hakuna kilicho cha mbali kuliko vyote.

Mwaka 1972, Newell, Newell na Sancha walilitatua fumbo hili kwa kukata kipande kinacholeta utata. Mwaka 1974, Edwin Catmull wa Chuo Kikuu cha Utah alieleza njia nyingine: nambari ya kina iwekwe kwa kila nukta, si kwa kila kitu kizima. Kabla ya kutia rangi, kompyuta hulinganisha. Iliyo karibu hushinda, ya mbali huachwa. Hapo mpangilio wa kuchora hauna athari tena, isipokuwa kwa vitu vinavyopenya nuru kama kioo. Gharama yake ni kumbukumbu: picha ya nukta 512 kwa 512 ina nukta 262,144, kila moja ikitengewa baiti mbili, zahitajika baiti 524,288. Kwa zama zile huo ulikuwa mzigo mzito. Leo hata simu ya mkononi huubeba.

Upimaji

Mwalimu asitosheke na mwanafunzi anayekariri kanuni. Ampe amri tano zilizovurugwa, naye achore kwa kalamu picha itakayotokea. Akibashiri sawasawa, ameelewa. Na siku nyumba yake itakapotoweka, hataituhumu kompyuta, bali atazisoma upya amri zake mwenyewe.