Damu ya Capua kwenye banda umiza

Diski ikikwama, upanga wa Spartacus huganda hewani, na banda umiza zima la hapa Kenyamonta hupiga kelele. Tamthilia ya Spartacus, mtumwa mpiganaji wa Roma aliyeongoza uasi, ilianza kurushwa Marekani mwaka 2010 na ilirekodiwa New Zealand. Damu nyingi inayorukia kioo imetengenezwa kwa kompyuta. Ikifika sehemu ya kitandani, mwenye banda husogeza mbele haraka, vijana wakazomea. Vichwa vikikatwa, hasogezi kitu. Hilo huniudhi.

Kwa sababu mambo ya kitandani yana ukweli wake: huko Roma, mtumwa hakuwa na sheria ya kumkinga na tamaa za bwana wake. Chumvi imezidi kwenye mapigano ya uwanjani. Mpiganaji alinunuliwa kwa fedha, akalishwa shayiri, akatibiwa na waganga. Kama kila pambano lingeishia kifo, tajiri wake angefilisika. Ukatili mkubwa ulikuwa wa dola yenyewe: mwaka 71 kabla ya Kristo, waasi wa Spartacus wapatao 6,000 walisulubiwa kando ya barabara ya kutoka Capua hadi Roma.

Na kuhusu nani atazame haya, sheria ya filamu tunayo tangu 1976, na Bodi ya Filamu hupanga madaraja ya umri. Lakini hapa mlangoni huulizwa kiingilio tu.