Fedha ya Draiva na Kazi ya Pata

Mtu wa Ganda akitamani kucheza gofu hana haja ya safari ndefu, kwani Malindi mjini uko uwanja wake, na akishika njia ya Mombasa ataukuta ule wa Vipingo Ridge wenye mashimo 18, uliokwisha kupata sifa hata ng'ambo kwa mashindano yake ya wanawake. Walakini kabla ya kuukanyaga uwanja wowote yampasa apite dukani, na huko ndiko fedha za wengi zinakopotea bila faida.

Kanuni za mchezo humruhusu mchezaji kuchukua fimbo 14, wala hazimlazimishi kuzitimiza. Anayejifunza hutosheka na saba: draiva ya kuanzia mashimo marefu, nyingine iliyo fupi kuliko hiyo, za chuma namba 5, 7 na 9, ya kuuopoa mpira mchangani, na pata ya kuuviringishia shimoni. Katika zile za chuma, kadiri namba inavyopanda ndivyo fimbo inavyokuwa fupi na uso wake kulala zaidi, hata mpira ukaenda juu na kuanguka karibu. Lakini mnunuzi aingiapo dukani macho yake huvutwa na draiva mpya, yenye kichwa kikubwa king'aacho, ambayo bei yake peke yake yaweza kuipita ya seti nzima ya mtumba.

Nami siioni aibu ya mtumba. Sharti ni kukagua, maana hewa yetu ya chumvi hula chuma, hasa pale mpini unapoingia kichwani, na mpira wa kushikia, baada ya miaka ya joto na jasho, hukakamaa ukawa unateleza mkononi. Huo wa kushikia hubadilishwa kwa gharama ndogo. Ama mifereji iliyochorwa usoni pa fimbo, pitisha ukucha juu yake: usipokwama popote, fimbo hiyo imekwisha kazi, hata muuzaji akiisifu vipi.

Tuje kwenye mazoezi. Aliyelipia ndoo ya mipira aghalabu huitoa draiva papo hapo, akaupiga mpira wa kwanza kwa nguvu zake zote, na kabla haujatua ameshauweka wa pili, hata ndoo ikaisha naye amepata jasho kuliko maarifa. Tena uwanja wa mazoezi una hila zake. Mipira yake mingi hairuki masafa sawa na ile ya mchezo wenyewe, basi anayepima umbali kwa mipira hiyo hujidanganya. Na pale panapotandikwa zulia la plastiki, fimbo iliyotua nyuma ya mpira huteleza ikaufikia, mpigaji akafurahi, ilhali juu ya majani ingalizama udongoni na mpira ukabaki karibu na miguu yake.

Hesabu yenyewe haifichiki. Uwanja unaokadiriwa mapigo 72 huwekewa mapigo mawili ya pata kwa kila shimo, yaani 36, nusu kamili, na draiva haihitajiki kwenye mashimo mafupi, ambayo kwa kawaida ni manne. Aditi Ashok wa India, ambaye hahesabiwi miongoni mwa wapigao mbali na ambaye ustadi wake wa pata umejulikana kila aendako, alifika Vipingo Februari 2023 akashinda mashindano ya Magical Kenya Ladies Open kwa tofauti ya mapigo tisa. Naona ushahidi huo watosha kumfanya mtu aigawe ndoo yake upya: mipira michache ya draiva, mingi ya namba 9, kila mmoja ukipewa shabaha yake.

Na mapigo mafupi hayahitaji hata kulipia. Weka karai chini ya mwembe, rudi nyuma hatua 15, ukautupie mpira ndani kwa fimbo iliyolala uso. Kisha hatua 20. Ukivuma upepo wa kusi, wengi huahirisha mazoezi mpaka utulie, nao ndio wakati wa kujifunza kupiga chini: usogeze mpira karibu na mguu wa kulia, kwa atumiaye mkono wa kulia, shika namba 7 mahali pa 9, na ukate pigo nusu.