Mlezi na Fedha za Mwanafunzi wa Bweni

Tangu Januari 2016 shule za sekondari za serikali Tanzania Bara hazitozi ada kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 nafuu hiyo ilifika kidato cha tano na cha sita. Hata hivyo, sabuni, madaftari, nauli na fedha za matumizi bado ni juu ya mzazi au mlezi.

Hapo ndipo ugomvi huanza. Mjomba aliyeachiwa mtoto wa marehemu dada yake hutuma fedha kwa simu kupitia kwa matroni. Baada ya majuma mawili habari huja: zimekwisha. Akikataa kuongeza, ataambiwa angekuwa mwanawe asingemnyima. Akitoa kila aombwapo, atamfundisha ubadhirifu.

Njia ya haki ni daftari. Kabla ya muhula kufunguliwa, mlezi na mtoto wakae, waorodheshe mahitaji na kupatana kiasi cha kila juma. Matroni aombwe kutoa kidogo kidogo. Likizoni mtoto alete hesabu.

Naye mlezi aonyeshe yake: marehemu aliacha nini, kimetumikaje, kimebaki kiasi gani. Mali ya yatima ni amana, na mtoto aonyeshwaye hesabu hujifunza kuitoa.