Adapta haibadili umeme

Ndugu msikilizaji, safari za nchi za nje si jambo la watu wachache tena. Wapo wafanyabiashara wanaokwenda Dubai na Guangzhou kuchukua mali, wapo vijana wanaokwenda masomoni, wapo mahujaji, na wapo ndugu zetu waishio Marekani na Ulaya ambao ikifika Desemba hurudi nyumbani na mabegi yaliyojaa zawadi. Katika mabegi hayo, ukiondoa nguo na viatu, aghalabu utakuta vifaa vya umeme: pasi, blenda, mashine ya kukaushia nywele, sufuria ya umeme ya kupikia wali.

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya vifaa hivyo, pamoja na kile kidude kidogo kinachouzwa kila kona ya Kariakoo ambacho wote tunakiita adapta.

Nianze na kisa changu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita shemeji yangu alirudi kutoka Marekani akamletea mama pasi nzuri, ya kung'aa. Plagi yake ilikuwa na pini mbili bapa, na soketi ya nyumbani kwetu, kama zilivyo soketi nyingi za Tanzania, Kenya na Uganda, ni ile ya matundu matatu ya pembe nne. Nikatoka mbio dukani, nikanunua adapta, nikaichomeka mwenyewe. "Mama, kazi kwako," nikasema. Mama akauliza, "Una hakika, mwanangu?" Nikamjibu kwamba plagi imeingia vizuri kabisa. Haikupita muda mrefu tukasikia harufu ya plastiki inayoungua, kisha moshi, na kanga ya mama ikabaki na alama nyeusi yenye umbo la pasi. Shemeji alilaumu adapta. Mimi nililaumu pasi. Mama alitulaumu sisi wawili, na yeye ndiye aliyekuwa na haki.

Pasi ile haikuwa na kasoro, na adapta ile ilifanya kazi yake barabara. Kazi ya adapta ni moja tu: kulifanya umbo la plagi moja liingie katika soketi ya umbo jingine. Umeme unaopita ndani yake ni ule ule uliomo ukutani. Hapa kwetu ukutani mna volti 230. Marekani mna volti 120. Japani wana volti 100 tu. Pasi ya Marekani iliyopachikwa adapta ikachomekwa Dar es Salaam inapokea karibu mara mbili ya msongo iliotengenezewa.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea hesabu. Mtu hudhani kwamba msongo ukizidi mara mbili, basi joto nalo litazidi mara mbili, na pasi itapata moto haraka kidogo tu. Sivyo. Msongo ukiwa mara mbili, mkondo unaopita katika waya wa joto nao huwa mara mbili, na joto hutokana na vyote viwili kwa pamoja. Kwa hiyo joto huwa mara nne. Pasi ya wati 1,000 ya Marekani, kwenye umeme wetu, inajaribu kutoa zaidi ya wati 3,600. Sufuria ya wali kutoka Japani hali yake ni mbaya zaidi, maana yenyewe hupata zaidi ya mara tano. Wala usitegemee fyuzi ikuokoe. Pasi ile huvuta takriban ampea 16, na fyuzi ya ampea 13 haikatiki papo hapo kwa mzigo wa namna hiyo. Pasi huungua kwanza.

Kwa upande wa pili, anayesafiri na birika lake la umeme kwenda Marekani hapati hatari hiyo. Yeye hupata robo ya joto, akakaa akisubiri maji ya chai yachemke hadi hamu ya chai imwishe.

Mtu atauliza: mbona chaja ya simu yangu hutumika London, Muscat na New York bila matatizo? Jibu limeandikwa kwenye chaja yenyewe, kwa herufi ndogo ambazo hatuzisomi. Chukua chaja ya simu au ya kompyuta mpakato, igeuze, utazame mahali palipoandikwa INPUT. Ukikuta 100–240V, na pembeni 50/60Hz, maana yake chaja hiyo imetengenezwa kupokea umeme wa karibu nchi yoyote duniani. Hiyo unahitaji kuinunulia adapta tu. Lakini ukikuta 120V peke yake, au 100V peke yake, hicho kifaa adapta haikitoshi, hata ikiwa ya bei kubwa namna gani. Vingi vinavyopasha joto na vingi vyenye mota huwa na msongo mmoja tu: pasi, birika, draya ya saluni, blenda, friji.

Umbo la plagi lenyewe lisikudanganye. China hutumia pia plagi za pini mbili bapa zinazofanana sana na za Marekani, lakini umeme wa China ni volti 220. Ukiangalia pini peke yake huwezi kujua kifaa kinataka msongo gani. Soma maandishi.

Wapo watakaosema dawa ni transfoma, ile inayoshusha volti 230 kuwa 110 au 120. Ni kweli, lakini transfoma ina masharti yake. Lazima iweze kubeba wati zaidi ya zile za kifaa chako, na transfoma ya kubeba pasi ya wati 1,000 ni zito na ghali, pengine kuliko pasi yenyewe. Tena transfoma hushusha msongo tu. Haibadili mwendo wa umeme. Umeme wetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, wa Marekani mara 60. Saa ya ukutani ya zamani inayofuata mwendo wa umeme, ikitoka Marekani kuja hapa, itachelewa dakika 10 katika kila saa moja. Kwa saa hilo ni jambo la kuchekesha. Kwa mota ya friji si la kuchekesha, maana mota huzunguka polepole kuliko ilivyokusudiwa na hupata moto. Mimi, kwa maoni yangu, sioni faida ya kusafirisha friji kutoka Marekani hadi Tanga.

Kuhusu nchi tunazozitembelea mara kwa mara, anayekwenda Dubai, Muscat au Uingereza hana haja ya adapta: soketi zao ni kama zetu na msongo unalingana. Anayekwenda Kigali, Bujumbura au Lubumbashi atakuta matundu ya mviringo ya mtindo wa Ulaya, jambo lisilo la ajabu kwa nchi zilizotawaliwa na Wabelgiji. Umeme wao, hata hivyo, hautofautiani sana na wetu. Afrika Kusini wana pini tatu nene za mviringo. Kwa mahujaji, Saudi Arabia iliamua mwaka 2010 kuhamia volti 230, baada ya miaka mingi ya majengo kuwa na volti 127, hivyo katika jengo la zamani ni vyema kuuliza kabla ya kuchomeka birika.

Sasa, ndugu msikilizaji, nije kwenye jambo linalonitia hofu zaidi, nalo halihitaji hata pasi ya kusafiria. Ni mtindo wa kuchukua kijiti au kalamu, kukiingiza katika tundu la juu la soketi, kisha kusukuma plagi ya pini mbili za mviringo katika matundu ya chini. Nani kati yetu hajawahi kuona? Wengine tumefanya.

Soketi hii ya pini tatu tuliirithi kwa Waingereza, walioiwekea viwango mwaka 1947. Ile pini ya juu ni ndefu kuliko wenzake kwa makusudi. Kwanza, ni njia ya waya wa ardhini, ambao mafundi wanauita ethi. Ndio unaokuokoa pale umeme unapovuja kwenye bodi la chuma. Pili, ikiingia hufungua vifuniko vidogo vya plastiki vinavyoziba matundu yenye umeme, ili mtoto asiweze kupenyeza msumari. Kijiti chako kinafanya kazi ile ile ya kufungua, na ukikisahau mle ndani, umemwachia mtoto matundu wazi. Pini za mviringo nazo hazikai sawasawa katika matundu bapa: zinagusa kidogo, zinatoa cheche, na soketi inaanza kubadilika rangi.

Kuna jambo la tatu, nalo halionekani kwa macho. Plagi ya pini tatu ina fyuzi ndani yake, na plagi ya mviringo haina. Katika nyumba nyingi zilizofungwa waya kwa mtindo wa Kiingereza, saketi ya soketi inaweza kubeba ampea 30 hivi kabla swichi kuu haijakata. Waya mwembamba wa redio au wa taa ya mezani hauwezi mzigo huo hata kidogo. Ukipata hitilafu, utaungua wote kabla swichi kuu haijahisi kitu. Fyuzi ya plagi ipo kwa ajili ya waya huo mwembamba, na kijiti kinairuka. Adapta nyingi za bei poa nazo hazina fyuzi, na nyingine hazina njia ya ethi, ingawa zina pini ya tatu ya plastiki kwa ajili ya kufungulia vifuniko tu.

Kifaa chenye plagi ya mviringo ambacho kitakaa nyumbani siku zote hakihitaji adapta. Fundi hukata plagi ile akafunga ya pini tatu: waya wa kahawia upande wa fyuzi, wa bluu upande wa pili, na wa kijani na njano, kama upo, kwenye pini ndefu. Mwambie pia aweke fyuzi inayolingana na kifaa, ya ampea 3 kwa redio au taa, kwa sababu plagi mpya dukani huja na fyuzi ya 13, na mafundi wengi huiacha hivyo hivyo.