Kronografu ya rada

Kronografu ya rada ni kifaa cha kupimia kasi ya risasi kwa kutumia mawimbi ya redio. Hutumiwa na wanamichezo wa kulenga shabaha, wawindaji, na watengenezaji wa risasi. Kasi inayotafutwa zaidi ni ile ambayo risasi huwa nayo inapotoka kwenye mdomo wa mtutu.

Umuhimu wa kupima

Risasi huanza kuvutwa chini na graviti mara inapotoka kwenye mtutu. Kama mtutu umelazwa sawa na ardhi, risasi yenye kasi ya mita 800 kwa sekunde ingefika mita 300 baada ya sekunde 0.375, ikiwa imeshuka sentimita 69 hivi. Kama kasi ni mita 780 kwa sekunde, ingeshuka karibu sentimita 73. Kwenye mita 600 tofauti kati ya risasi hizo mbili hufikia sentimita 14. Hesabu hizi hazijumuishi upinzani wa hewa. Kwa hiyo mlengaji asiyejua kasi ya risasi zake hukisia tu anapolenga mbali.

Historia

Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins alieleza pendulumu ya balistiki: risasi ilipigwa kwenye gogo zito lililoning'inizwa, na kasi ikakokotolewa kutokana na umbali ambao gogo lilisukumwa. Katika miaka ya 1860 Mbelgiji Paul-Émile Le Boulengé alitengeneza kronografu ya umeme, ambamo risasi ilikata nyaya mbili zilizotenganishwa kwa umbali unaojulikana.

Baadaye zilikuja kronografu za mwanga. Hizi huwa na vihisio viwili vinavyotambua kivuli cha risasi inapopita juu yake. Kama vihisio vimeachana mita 1, risasi ya mita 800 kwa sekunde hupita kati yake kwa sekunde 0.00125. Kosa la sentimita 1 katika umbali huo huleta kosa la asilimia 1, yaani mita 8 kwa sekunde. Tena vihisio huwekwa mbele ya mtutu, hivyo ni lazima wote waache kupiga wakati wa kuvipanga, na mara nyingine hupigwa na risasi.

Namna inavyofanya kazi

Kronografu ya rada hutumia athari ya Doppler, iliyoelezwa na Christian Doppler wa Austria mwaka 1842. Kifaa hutuma mawimbi kuelekea njia ya risasi. Mawimbi yanayorudi kutoka kwenye risasi inayokwenda mbali huwa na marudio madogo kuliko yaliyotumwa. Tofauti hiyo hupatikana hivi:

tofauti ya marudio = 2 × kasi ya risasi × marudio yaliyotumwa ÷ kasi ya nuru

Kwa mawimbi ya gigahezi 24 na risasi ya mita 800 kwa sekunde, tofauti ni kilohezi 128. Rada huipima risasi mara nyingi ikiwa njiani, kisha hukokotoa kurudi nyuma ili kupata kasi yake mdomoni mwa mtutu.

Matumizi uwanjani

Kifaa huwekwa kando ya bunduki, kikielekezwa upande wa shabaha. Hakuna anayehitaji kuvuka mstari wa kupigia. Mtumiaji huchagua kwanza aina ya silaha au kiwango cha kasi kinachotarajiwa. Kifaa kikielekezwa vibaya, kinaweza kuikosa risasi au kusoma ile ya mlengaji wa jirani.

Kusoma matokeo

Wastani peke yake hautoshi. Chukua makundi mawili ya risasi tano, kwa mita kwa sekunde:

Kundi la kwanza: 798, 803, 800, 806, 793
Kundi la pili: 780, 815, 800, 825, 780

Wastani wa yote mawili ni 800. Lakini katika kundi la kwanza tofauti kati ya kasi kubwa na ndogo ni 13, na katika la pili ni 45. Kwenye shabaha ya mbali risasi za kundi la pili zitatawanyika zaidi juu na chini.

Katika mashindano

Katika mashindano ya IPSC, kronografu huamua kama risasi za mshindani zina nguvu inayotakiwa. Uzito wa risasi kwa greni huzidishwa kwa kasi yake kwa futi kwa sekunde, kisha jibu hugawanywa kwa 1000. Kwa bastola kiwango cha chini ni 125. Risasi ya greni 124 yenye kasi ya futi 1020 hupata 126.48 na kufaulu. Ikiwa na futi 1000 hupata 124 na kushindwa, na alama za mshindani hazihesabiwi. Tofauti hiyo ni kama mita 6 tu kwa sekunde.

Mipaka yake

Kronografu haipimi usahihi wa mlengaji wala shinikizo ndani ya bunduki. Hata hivyo, kasi inayozidi ile iliyotajwa katika majedwali ya watengenezaji wa baruti ni onyo kwamba huenda shinikizo limepita kiasi. Joto la baruti na urefu wa mtutu pia hubadilisha kasi, hivyo kipimo cha bunduki moja hakifai kuchukuliwa kuwa cha bunduki nyingine.