Leo Mwezi Ngapi? Mwaka Mmoja wa Picha Horini Mida

Msafiri atokaye Malindi kwenda Mombasa, akishaipita Gede, huwa karibu na bahari kuliko anavyodhani. Upande wake wa kushoto, nyuma ya minazi na miembe, maji yameingia bara kupitia mlango mwembamba ulio karibu na Watamu, yakatanda na kuzungukwa na mikoko. Hilo ndilo hori la Mida. Sisi, kina mama wa nyumba nne pamoja na watoto wetu, tulipita njia hiyo miaka mingi tukienda arusini na matangani bila ya kuteremka. Mwaka uliopita tuliazimia kuteremka kila msimu, tukiwa na simu tatu na kamera moja kuukuu, ili watoto wajifunze kupiga picha za miti, maji na viumbe badala ya kujipiga wenyewe. Wamo miongoni mwetu wanaosita kupiga picha ya chenye roho. Hao walijichagulia miti na maji, wala hatukubishana.

Safari ya kwanza tuliikosea. Ilikuwa kaskazi, jua kali, nasi tulifika saa nne na nusu asubuhi. Maji yalikuwa yamepwa, tope limeenea mbali, na ndege wote wamekuwa nukta nyeupe upeoni. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akitengeneza mtego wake alitutazama tunavyohangaika, akauliza, “Leo mwezi ngapi?” Tukamjibu kuwa ni mwezi kumi na sita. Akacheka. “Basi, wanangu, siku mmeipata, saa ndiyo mmeikosa. Rudini baada ya alasiri.”

Maneno yake yalitufundisha zaidi ya kitabu chochote cha upigaji picha. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo, katika pwani yetu, maji hujaa kiasi cha saa kumi hadi saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa kati ya asubuhi na adhuhuri. Kila siku ipitayo, maji huchelewa kwa muda wa karibu dakika 50. Ikifika mwezi saba au nane, na tena ishirini na mbili, ni maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana, na saa za jioni hukuta tope liko wazi. Kwa hivyo anayetaka mikoko iliyosimama ndani ya maji, na mwanga laini wa jua la jioni, aende siku za bamvua. Anayetaka kaa wenye gando moja kubwa wakipungiana mikono juu ya tope, aende wakati wa maji mafu. Kalenda tunayoitazamia Ramadhani na Idi ilikuwa ukutani miaka yote, nasi tulikuwa tukitafuta jedwali la maji kwingineko!

Tulirudi siku ile ile baada ya kuswali alasiri. Kuna daraja la mbao linaloning’inia katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Ada inayolipwa hapo husaidia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vilivyo kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Tuliketi kibandani tukanyamaza. Maji yalipozidi kupanda, yaliwasukuma ndege kidogo kidogo mpaka karibu yetu. Hatukuwafuata, wao ndio waliokuja.

Mgeni mashuhuri wa Mida ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Wataalamu humwita Dromas ardeola. Wengi wao huwa hapa miezi ya kaskazi, kisha huenda kuzaa katika pwani za Bara Arabu, Oman ikiwemo. Huko huchimba pango mchangani na kutaga humo, kwa kawaida yai moja tu, jeupe. Watoto walipolisikia hilo waliuliza kama ndege hawa walifuatana na majahazi ya zamani, maana nayo yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi. Kwa mpiga picha wana tabu moja: weupe wao huiungua picha. Tuligundua kwamba ukigusa kioo cha simu pale alipo ndege, kisha ukapunguza mwanga kidogo, manyoya huonekana.

Masika tulitarajia tope na maji mekundu, kama yanavyokuwa Malindi pale mto Sabaki unapomwaga udongo wa bara baharini. Haikuwa hivyo. Hakuna mto unaoingia Mida. Maji matamu huchujuka chini kwa chini, na hori likabaki kijani hata chini ya mawingu mazito. Ndege wageni walikuwa wamekwenda zao. Tulipiga picha za mizizi: ya mkoko, iliyopinda kama miguu ya buibui, na ya mchu, iliyochomoza topeni kama vidole. Bibi mmoja wetu, mzaliwa wa Lamu, aliwaeleza watoto jinsi fito na boriti za mikoko zilivyobeba dari za nyumba za mawe, na kwamba upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Zilisafirishwa mpaka Arabuni, hadi Serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982.

Kusi upepo ulitikisa kila jani, na picha nyingi ziliharibika. Lakini ndio msimu uliotupa picha bora kuliko zote, ambayo hatunayo tena.

Binti wa mmoja wetu, mwenye umri wa miaka 14, alimpiga mama mmoja aliyekuwa akirudi kutoka kuokota chaza, maji magotini, leso ameifunga juu, kapu kichwani, jua likizama nyuma yake. Yule mama aliona. Alitufikia akatuamkia kwa upole, kisha akasema, “Mwanangu, hapo nimejifunga kikazi. Picha hiyo si ya watu.” Binti alijitetea kwamba uso hauonekani. Ni kweli, haukuonekana, na mmoja wetu alimuunga mkono. Tukabishana pale pale darajani, mwenye picha yake amesimama akitusubiri. Mwishowe iliondolewa mbele ya macho yake. Ndipo binti alipokiri, kwa machozi, kuwa alikwisha kuituma katika kundi la simu la ukoo, na kwamba shangazi mmoja alikwisha kuwatumia wengine. Jioni nzima tulipiga simu nyumba baada ya nyumba. Hadi leo hatuna hakika kwamba haikubaki mahali. Tangu siku hiyo, hakuna picha inayotumwa tukiwa ukingoni, na hapigwi mtu kabla hajaulizwa.

Vuli ndege walikuwa wamerejea. Watoto walitamani kuwapigia makofi ili waruke, wapate picha ya mabawa; tuliwakataza, kwani chakula cha ndege hufuata kupwa kwa maji, na muda wake ni mchache. Yule mama wa chaza tulikutana naye tena. Alimwita binti kwa mkono, akaweka kapu chini akasema, “Haya, lipige hili.” Picha ya kapu hilo, lililojaa chaza wenye majimaji, sasa iko ukutani, kando ya kalenda.

Safari ijayo, inshallah, ni mwezi kumi na sita, baada ya alasiri. Anayetaka kufuatana nasi achukue kofia, maji ya kunywa, na kipande cha leso kuukuu cha kufutia chumvi kiooni.